Sura ya 5: Weupe Huamuliwa Kwanza

Mchoraji wa Tingatinga huanza na usuli. Hupaka ubao wote rangi moja au mbili, husubiri zikauke, kisha hujenga juu yake chui, ndege na maua. Mwisho kabisa hupita na ncha ya brashi akitia vidoti vyeupe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na rangi ya namna hiyo ina fadhila moja kubwa: inaziba. Lililoharibika leo hupakwa juu kesho, na mwanga ndio unaokuja mwisho.

Rangi za maji huenda kinyume. Chembe zake zimeshikwa na gundi ya mgunga, ileile ambayo Sudan huuza kwa wingi duniani, na zikikauka huacha utando mwembamba usiozuia mwanga. Mwanga hupenya utando huo, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni mwako. Maana yake ni kwamba weupe wa picha ni karatasi yenyewe, na ukishaupaka umekwenda. Ziko njia za kuokoa kidogo: kukwangua kwa kisu, kama mchoraji Turner alivyokuwa akifanya, kunyonya rangi kwa sponji mbichi, au kutia doti la rangi nyeupe nzito. Zote zinafaa kwa mmeto wa wimbi au ukingo wa kofia. Hakuna hata moja itakayokurudishia ukuta mzima wa chokaa uliokwisha kupakwa kahawia.

Kwa sababu hiyo, anayechora mandhari kwa rangi za maji ana swali moja la kujibu kabla ya mengine: karatasi itabaki tupu wapi? Akilijibu brashi ikiwa bado kavu, maamuzi mengine ya mpangilio yanapata pa kushika: saa ya kuchora, pa kukaa, upeo wa macho uwe juu au chini, nini kiingie na nini kitupwe. Asipolijibu, litajibiwa na jua na maji, na hivyo viwili havina subira.

Weupe mkuu mmoja, mingine ya kuusindikiza

Mwaka 1800 Thomas Girtin, kijana wa London aliyefariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 27, alichora Mto Thames sehemu ya Chelsea mchana ukiwa unaaga. Picha hiyo, *The White House at Chelsea*, imo katika hazina ya Tate na ina ukubwa wa takriban sentimita 30 kwa 51. Karibu yote imefifia: anga pana, maji mapana, ukingo wa mbali uliolala chini. Katika utulivu huo kuna nyumba moja ndogo iliyoachwa nyeupe, na chini yake taswira yake majini. Ukiitazama, jicho huenda kwenye nyumba, huzurura kidogo, kisha hurudi kwenye nyumba.

Nyumba ile haina ajabu yoyote kama jengo. Nguvu yake imetokana na yale ambayo Girtin aliyanyima weupe. Jioni yoyote mtoni ina mng'ao sehemu nyingi, lakini yeye aliutuliza karibu wote kwa tabaka jepesi la rangi ili nyumba isipate mshindani. Wanaoanza hufanya vingine. Wakiona wingu jeupe wanaliacha jeupe, ukuta mweupe wanauacha, mchanga, povu, shati la mvuvi, vyote vinaachwa kwa sababu ndivyo vilivyo. Mwishowe picha ina weupe wa sehemu tano unaogombana, na mtazamaji hajui atulie wapi.

Basi chagua weupe mkuu mmoja, na midogo miwili au mitatu ya kuusindikiza. Ukiuchagua ukuta, mawingu yapake kijivu chepesi au manjano iliyozimuliwa sana, hata kama jicho lako linayaona meupe pepe. Ukiyachagua mawingu, ukuta nao uvae rangi. Mtu atakayeitazama picha nyumbani kwake hataulizia wingu lilikuwa na rangi gani siku ile.

Dirisha la kadibodi

Ukisimama kwenye ukingo wa Irente, nje kidogo ya Lushoto, macho hushuka jabali hadi tambarare iliyo chini kabisa: Mazinde, barabara, mashamba, vilima vya mbali vinavyopotelea kwenye utusitusi. Mgeni wa mahali hapo hutoa karatasi na kuvitaka vyote. Anachopata ni mabaka madogo yanayolingana ukubwa, yote ya mbali, yote yamefifia sawasawa, na ule urefu uliomtia kizunguzungu pale ukingoni haumo.

Dawa yake ni kipande cha kadibodi kilichotobolewa dirisha lenye uwiano wa karatasi yako. Kama karatasi ni sentimita 28 kwa 38, dirisha la sentimita 5.6 kwa 7.6 litafaa. Ukilisogeza karibu na jicho linameza tambarare nzima. Ukinyoosha mkono linabakiza mti mmoja na kipande cha mteremko. Lizungushe, literemshe, na hasa ligeuze wima, kwa sababu watu wengi huchora mandhari kwa karatasi iliyolala bila hata kujiuliza. Pale Irente, karatasi iliyosimama ndiyo inayotoa kina. Jabali jeusi hushika upande mmoja kutoka juu mpaka chini, na tambarare hubaki ukanda mwembamba unaoonekana mbali sana kwa kuwa kuna kitu kizito karibu yake.

Na weupe je? Irente hakuna chokaa wala povu. Weupe wake umo kwenye utusitusi, pale ardhi na anga zinapoungana bila mpaka. Shusha rangi ya anga huku ukiongeza maji hadi brashi iwe inaburuta maji matupu, acha ukanda huo karibu wazi, kisha ianze nchi kavu chini yake kwa ukingo laini wakati karatasi ingali mbichi. Ukipiga mstari mkavu hapo, umeziba umbali wote.

Dirisha lina kazi ya pili, nayo ni kukuonyesha kingo. Khanga ina pindo na mji, na picha vilevile: pindo huzunguka, na macho ya watu hutua mjini. Kabla hujachora, kagua pembe zote nne. Nguzo ya umeme iliyogusa ukingo, tawi linaloelekeza nje, nusu ya mtumbwi uliokatwa vibaya, vyote huvuta jicho litoke kwenye picha. Sogeza kadibodi kidogo au kifute kitu hicho. Una ruhusa kamili ya kung'oa mnara wa simu.

Upeo uwe juu au chini

Kanuni ya theluthi imesomwa na wengi, hata na wapiga picha wa simu. Jina hilo lilichapishwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, katika kitabu chake kuhusu mandhari ya mashambani, na wazo lenyewe ni jepesi: usigawe picha katikati, anga ipate theluthi mbili na nchi theluthi moja, au kinyume chake. Kanuni hiyo inafaa kama tahadhari. Upeo unaopita katikati huacha nusu mbili zinazolingana, na hakuna inayokubali kuwa ya pili.

Ila theluthi haikwambii uchague ipi, na jibu liko kwenye weupe uliokwisha kuuamua. Ukiwa weupe wako ni mawingu ya kaskazi yanayopanda mchana, teremsha upeo. Ukiwa ni mchanga mbichi unaoakisi anga baada ya maji kupwa, upandishe upeo, hata ufike robo ya juu ya karatasi, ili mchanga upate nafasi ya kung'aa. Pwani huvumilia upeo wa juu kuliko watu wanavyodhani.

Kumbuka pia kwamba upeo ni kimo cha macho yako. Ukichora umesimama kwenye ufukwe tambarare, vichwa vya watu wazima wote waliosimama, wa karibu na wa mbali, vitagusa karibu mstari wa upeo. Ukichora umeketi kwenye kigoda, upeo utawapita kifuani au kiunoni. Ukianza umesimama, ukachoka, ukakaa, watu wako wa mwisho watakuwa majitu au vijeba. Amua mapema, na ushikilie.

Jua la hapa lina saa zake

Vitabu vingi vya rangi za maji vimeandikwa chini ya jua la Ulaya. Mwandishi wa London anapozungumzia vivuli virefu anaweza kuvipata hata adhuhuri: mwezi Desemba jua la London halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, na mlingoti wa mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 37 saa sita mchana. Kivuli cha urefu huo hapa kwetu ni cha saa moja tu baada ya macheo. Katika siku ambazo jua linapita karibu na utosi, saa mbili baada ya macheo kivuli cha mlingoti huo kimefupika kuwa mita 17. Saa tatu, mita 10. Adhuhuri kimejificha miguuni pa mlingoti.

Hesabu hiyo inagusa mpangilio moja kwa moja, maana kivuli cha ardhini ni umbo. Mara nyingi ndilo umbo kubwa la giza ulilo nalo, na ndilo linaloushika weupe mahali pake. Ukianza kuchora mwembe na kivuli chake saa 1:30 asubuhi ukafika kwenye kivuli saa 3, kivuli unachokiona si kile ulichokipangia picha. Wengi hukifuata. Wanapunguza huku, wanaongeza kule, na mti wao unakuwa na kivuli cha saa mbili tofauti.

Kwa hiyo vivuli vichorwe kwanza kwa penseli, kwa mistari ya nje tu, na saa iandikwe pembeni ya karatasi. Baada ya hapo jua lifanye litakalo. Wewe unafuata penseli. Nyakati zenye faida ni mbili, kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni. Mchana wa kati nao una chake, ila uutafute mahali pengine: chini ya kibanda cha makuti, ndani ya ukumbi, kwenye kivuli cha upenu wa duka, ambako ndani kuna giza na nje kunawaka. Mlango unaotazama nje saa 7 mchana ni weupe mkuu uliokwisha kuwekewa fremu.

Hewa nayo ihesabiwe. Pwani wakati wa masika, tabaka moja la anga linaweza kukaa bichi muda mrefu, na rangi utakayoisogeza karibu itatambaa. Katika upepo mkavu wa bara hukauka kabla hujamaliza kuiteremsha, ikaacha mistari. Siku ya unyevu, panga maumbo machache makubwa yenye kingo laini. Siku kavu, maumbo yenye kingo kali yatakutii zaidi.

Bagamoyo, maji yakipwa

Tuchukue mahali pamoja tupitie maamuzi yote. Ufukwe wa Bagamoyo, karibu na soko la samaki, unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo vyombo viko kinyume cha mwanga: magamba yao meusi, maji nyuma yao meupe. Jioni jua liko nyuma ya mji na linavipiga vyombo usoni, unaona rangi zao zote za buluu na nyekundu. Hizo ni picha mbili tofauti mahali pamoja. Tuchague ya asubuhi, kwa kuwa weupe wake uko wazi: ukanda wa maji unaong'aa kati ya vyombo na upeo.

Halafu yapo maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya mwambao huu hujaa alfajiri na kupwa katikati ya asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na nusu yake huondoka katika saa mbili za katikati. Kwenye ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 30, mita 2 za kimo ni mita 60 za mchanga mpya mbele yako. Mashua iliyokuwa inaelea ulipotandika vifaa itakuwa imelalia ubavu ukiwa bado kwenye anga. Siku za maji mafu una nafasi zaidi. Kwa vyovyote, mstari wa maji na mlalo wa chombo vichorwe dakika tano za kwanza, pamoja na vivuli.

Mashua ya mbele tuiweke kushoto kwa katikati, omo ikitazama ndani ya picha. Foromali yake imeinama kuelekea kulia, na huo mshazari una thamani, kwa sababu kila kitu kingine ufukweni kimelala: upeo, maji, mchanga. Mshazari mmoja unatosha. Ngalawa mbili za nyuma, moja inafaa; ya pili mirengu yake inagusana na tezi ya mashua na kuleta fundo lisilosomeka, basi tuiondoe. Upeo tuupandishe hadi robo ya juu. Moshi wa wakaanga samaki, ulio nje ya dirisha upande wa kulia, tuuvute ndani kidogo ufunike sehemu ya upeo, usije ukakata karatasi kutoka ukingo hadi ukingo.

Sasa brashi ilowe. Anga ipakwe manjano iliyozimuliwa, ikiteremka kuwa kijivu cha waridi, hadi kwenye upeo. Hapo ruka: ukanda wa maji usiguswe. Endelea na mchanga mbichi chini yake, rangi ileile ya anga ikiwa nzito kidogo. Kati ya ukanda mweupe na mchanga, chukua brashi yenye rangi lakini isiyo na maji mengi, ilaze karibu sambamba na karatasi, uipitishe haraka kwa ubavu. Kwenye karatasi ya pamba yenye chembe, brashi huruka mabonde na kuacha vijidoti vyeupe, na hayo ndiyo maji yanayometa. Pita mara moja. Ukirudia, mabonde yanajaa na mng'ao umekwisha.

Ikikauka, njoo na giza. Ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa, zikichanganywa nzito, hutoa weusi wenye uhai unaoweza kuuelekeza kwenye buluu au kwenye kutu. Piga gamba la mashua, na bila kuinua brashi shuka hadi kwenye kivuli chake mchangani, kinachokuja upande wako kwa kuwa jua liko mbele. Chombo na kivuli viwe umbo moja.

Giza lishikane

Umbo hilo moja ni jambo la kukaziwa. Weupe unahitaji giza la kuuegemea, na giza lililotawanyika vipande vipande halibebi kitu. Finya macho mpaka mandhari ipoteze maelezo yake; utaona kwamba mwembe, kivuli chake, ukuta wa nyuma na mlango vimeungana kuwa doa moja. Lichore doa hilo kama doa. Simu pia inasaidia: piga picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uhesabu maumbo makubwa. Yakizidi matano au sita, bado hujachagua.

Mchoraji John Singer Sargent alilijua hilo vizuri. Venice alichora mara nyingi akiwa ndani ya gondola, macho yake juu kidogo ya maji, na hakuhangaika kuonyesha jengo zima. Katika picha yake ya kanisa la Santa Maria della Salute ya mwaka 1904, kanisa limekatwa na mbele yake kuna vyombo na kamba. Jumba la Makumbusho la Brooklyn, lililonunua mwaka 1909 michoro yake 83 ya rangi za maji kwa mkupuo mmoja, lilipata humo majengo na mandhari zilizokatwa kwa ujasiri wa namna hiyo.

Somo hilo linafaa Mji Mkongwe wa Zanzibar kama lilivyofaa Venice. Kwenye kichochoro, ukuta mmoja unapigwa na jua na mwingine uko gizani. Unganisha ukuta wa giza na kivuli cha sakafuni, upate umbo moja refu lililosimama, kisha uache ukuta wa pili ukaribie utupu. Mlango wa nakshi uliomo gizani utaeleweka kwa misumari mitatu ya shaba. Hiyo mingine jicho litaijaza lenyewe.

Watu huja mwisho, ila nafasi yao huwekwa mwanzo. Mwanamume aliyevaa kanzu mbele ya ukuta wa giza ni weupe mdogo wenye thamani kubwa, na ni weupe ambao huwezi kuuongeza baadaye. Ukimtaka, mwachie nafasi yake kwa penseli kabla ukuta haujapakwa: kipande chembamba cha karatasi, kichwa kikiwa kwenye kimo cha upeo. Atapita kichochoroni kwa nusu dakika. Nafasi yake itamngoja.

Zoezi

Nenda mahali unapopajua: kituo cha daladala, ukingo wa mto, uwanja wa shule. Usitoe rangi. Kwenye daftari chora visanduku vitatu vya ukubwa wa kibiriti, kimoja kikiwa wima. Katika kila kisanduku weka maumbo yasiyozidi matano ya mandhari ileile, kisha ukijaze chote penseli, isipokuwa sehemu moja. Sehemu hiyo iwe tofauti katika kila kisanduku: cha kwanza anga, cha pili ukuta au maji, cha tatu kitu kidogo kama gunia, mbuzi au shati. Kazi yote isizidi robo saa.

Weka daftari chini, rudi hatua tatu, utazame. Kimoja kitakuvuta kuliko vingine, na mara nyingi si kile ulichokipenda wakati ukikichora. Andika chini yake saa, jua linatoka wapi, na kama uko pwani, maji yanajaa au yanapwa. Ukishaweza kumwonyesha mtu kwa kidole weupe wako mkuu uko wapi, na kumtajia vitu viwili ulivyovifuta ili uonekane, ndipo karatasi kubwa itoke mkobani.